Kifurushi cha "kulinda picha" kinachouzwa mjini: kipi kinafaa na kipi pambo tu

Haya jamani, wapiga picha wenzangu wa Unguja na Pemba, hii ni tathmini ya kile kifurushi cha kulinda picha kinachouzwa na duka moja la kompyuta hapa mjini. Jina sitolitaja kwa sababu vijana wenyewe wastaarabu na sina ugomvi nao, lakini ukimsikia mtu anakwambia "picha zako haziibiki tena" kwa laki tatu na nusu kwa mwaka, basi ndo hao hao. Nakitumia tangu kabla ya Ramadhani, sisemi kwa kusikia.

Kwanza mjue kazi zangu ni za aina mbili, ndo maana na maoni yangu yamegawika. Napiga harusi upande wa wanawake, kwenye kumbi ambazo mwanamme haingii. Alafu napiga picha za kuuza kwa hoteli na kampuni za utalii, ngalawa, kina mama wa mwani kule Paje na Jambiani, milango ya Mji Mkongwe, kima punju wa Jozani, Mwaka Kogwa Makunduchi, mambo hayo. Hizi za pili zikiibiwa umepotezewa pesa, unakasirika unadai. Zile za kwanza zikitoka nje umevunja stara ya mtoto wa watu, na hapo hakuna invoisi ya kuandika.

Ndani ya kifurushi mna kuzuia kliki ya kulia, wotamaki (yani nembo au jina lako juu ya picha), kupunguza ukubwa wa picha, ripoti ya kila mwezi ya nani anatumia picha zako, na galari za siri zenye paswedi.

Kliki ya kulia ndo wanayoitangaza mbele na ndo ovyo kuliko zote. Mtu akibonyeza kulia kwa mausi kinatoka kibao chekundu "HAKIMILIKI, USINAKILI", unafurahi, unaona kweli nimelindwa. Lakini picha unayoiona kwenye kioo imeshashuka kwenye mashine ya mtazamaji, kama haijashuka angeionaje? Iko kwenye kashe ya brauza tayari, pale inapoweka vitu ilivyovishusha. Kile kibao ni kijiprogramu cha JavaScript tu, mtu akizima JavaScript kwenye setingi kimekufa, na wa simu hata hayo hana haja nayo, anabana vitufe viwili anapata skrinishoti. Ni kutia komeo kwenye pazia. Nilimwomba kijana wa dukani simu yake nikapiga skrinishoti ya picha yangu mwenyewe mbele ya macho yake, akacheka, "dada, hiyo ni kwa wale wasiojua". Sasa wasiojua ndo nani mdogo wangu? Mwizi anajua. Anayeumia ni Mtaliano wa watu aliyebonyeza kulia ili brauza imtafsirie ukurasa wangu wa bei, kikamtokea kibao kinamwita mwizi. Nimekitoa.

Wotamaki ina maneno zaidi kidogo. Wao wanaweka nembo yako ile ile, pembe ile ile ya chini kulia, kwenye kila picha, moja kwa moja bila wewe kugusa. Kwa mvivu kama mimi raha. Ila pembeni mtu anakata tu, sekunde tatu, na simu za siku hizi zina kifutio cha AI, unapitisha kidole nembo imekwenda zake hasa ikiwa juu ya anga au bahari tupu. Na huku kurudia alama moja kwenye picha zote kuna ubaya wake, mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kuwa ukiipa kompyuta mamia ya picha zenye wotamaki moja inazilinganisha, kile kinachojirudia inajua ndo alama, inakitoa chote na picha inabaki safi kama hukuwahi kuandika kitu. Walisema pia kuhamisha alama pahala au kuififisha hakusaidii sana, kinachosaidia ni kuipindapinda umbo lake kidogo tofauti kwa kila picha, hapo ikifutwa inaacha makovu. Niliwauliza dukani kama programu yao inaweza hivyo, wakatazamana.

Mie nimebaki na jina dogo tu, nimeliweka juu ya sehemu zenye vurugu, makuti, wavu wa samaki, mchanga wenye nyayo, maana hapo kufuta kunaacha alama. Sidhani kama linazuia wizi. Linamsaidia muungwana aliyeipenda picha kujua wa kumpigia, na wapo, msione kila mtu mwizi. Ila mwenzangu ukitia jina kubwa katikati ya uso wa bibi wa mwani umejiharibia mwenyewe kabla hajaja wa kukuharibia.

Kupunguza ukubwa, hapa nawapa alama nzuri. Wanashusha picha zote hadi pikseli 1200 upande mrefu. Ukitaka kuchapisha vizuri unahitaji kama nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo pikseli 1200 zinakupa inchi 4, sentimita kumi hivi, zaidi kidogo ya kadi ya biashara. Mtu hawezi kuifanya bango la pale Darajani wala broshua ya kurasa mbili bila kuonekana imepasuka. Sawa, kuna programu za AI za kukuza picha, lakini uso wa mtu zinautengeneza kama wa mdoli. Kwa kweli ulinzi wa bure ni huu, usipandishe faili kubwa basi, hata bila wao unafanya mwenyewe kwenye Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, wakati wa kutoa picha.

Lakini hapo hapo wameharibu. Mie kila picha naiandika ndani kwa ndani, zile taarifa za IPTC, jina la mpigaji, mwenye hakimiliki, imeili, mwaka. Hazionekani kwa macho ila ziko ndani ya faili. Siku moja nikaishusha picha yangu kutoka websaiti yangu nikaifungua, ndani tupu! Kumbe plagini yao, kile kijiprogramu cha kupunguza ukubwa, inafuta kila kitu ili faili liwe jepesi. Yani kifurushi cha kulinda picha ndo kinachofuta jina la mwenye picha, khaa. Niliwapigia wakarekebisha siku ile ile, ni kutiki kisanduku kimoja tu, sasa kwa nini kisiwe kimetikiwa tangu mwanzo? Wateja wao wengine mkatizame, shusheni picha moja muikague. Na mjue ukipeleka picha kwa WhatsApp ya kawaida taarifa hizo zinafutwa pamoja na kuminywa, ukitaka zifike peleka kama dokumenti. Instagram nayo inafuta. Kwa hiyo websaiti yako ndo pahala unapoweza kuzilinda mwenyewe, na zina faida, tangu 2020 Google wanaweka kibeji kwenye picha zenye taarifa za leseni ndani yake, mtu akitafuta picha anaona kabisa kuwa hii inauzwa na anapewa linki ya kukupata. Nimepata mteja mmoja kwa njia hiyo, wa Ujerumani, alitaka picha ya karafuu zimeanikwa Pemba kwa ajili ya lebo. Kibeji hicho kwenye kifurushi hakimo, nilijifanyia mwenyewe.

Haya, ripoti ya mwezi. Inakuja PDF nzuri ina nembo ya duka na rangi, ndani mna linki. Nikazifuatilia, karibu zote ni matokeo ya TinEye na Google Lens, vitu ambavyo wewe na mimi tunavifungua bure. TinEye ni ya Kanada, ipo tangu 2008, unaipa picha yako inakutafutia nakala zake hata kama imekatwa au imebadilishwa rangi, na unaweza kupanga iliyoonekana zamani ikaja mwanzo, hiyo inasaidia kuonyesha nani kaanza. Google Lens ina macho mapana zaidi ila inakuletea vinavyofanana, ukiitilia ngalawa machweo Nungwi inakuletea ngalawa zote za dunia zilizowahi kuona machweo, unachambua mpaka bando linakwisha. Ripoti ya mwezi wa kwanza ilinihesabia "wizi" picha za watu wengine kabisa, na moja ilikuwa ukurasa wangu mwenyewe wa Fesibuku! Ukiwa na picha nyingi na biashara yako ni ya nje, kuna huduma kama Pixsy, wanazifuatilia wao na wakifanikiwa kumlipisha mtu wanachukua nusu. Nusu ni nyingi, lakini nusu ya kitu.

Ambacho ripoti haikwambii ni ufanye nini ukishampata mtu. Hapa ndo nilitegemea duka lisaidie, jibu lao "dada muone mwanasheria". Basi mie nawaambia. Kwanza hakimiliki inazaliwa pale pale unapobonyeza kamera, Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa hakimiliki wa kimataifa, tangu 1994 na kujisajili si sharti. Visiwani tuna sheria yetu ya mwaka 2003 na ofisi yetu ya hakimiliki ni COSOZA, ile COSOTA ni ya bara, wengi wanachanganya. Kama picha yako iko kwenye Instagram, Fesibuku, au inatokea kwenye Google, kampuni hizo za Marekani zinabanwa na sheria yao ya hakimiliki ya 1998 inaitwa DMCA, unajaza fomu yao bure hata ukiwa Micheweni, unaweka linki ya picha yako halisi, linki ya iliyoibiwa, jina na mawasiliano, na unaapa kuwa unasema kweli. Usiape uongo, kiapo hicho si mchezo. Na aliyetuhumiwa anaweza kujibu kupinga, akipinga na wewe usipokwenda mahakamani picha inaweza kurudishwa baada ya siku 10 mpaka 14 za kazi. Tunza pahala salama faili lako la RAW, lile ghafi linalotoka kwenye kamera, maana hilo mwizi hana.

Kuna hoteli moja ya pwani ya mashariki niliikuta na picha yangu ya kina mama wa mwani kwenye ukurasa wa spa yao. Sikukimbilia fomu, fomu ingeiondoa picha tu na mie nataka pesa na ikiwezekana nataka kazi. Niliwaandikia imeili ya adabu, nikaambatanisha kipande cha faili halisi ambacho wao hawana kwa kuwa picha yao ilikatwa, na invoisi. Meneja akajibu kijana wao wa mitandao aliiokota Pinterest. Wakalipa, si yote, wakaniita nikapige vyumba. Ila hapa nitie neno pembeni, mie nimelia nimeibiwa, na yule bibi aliyeinama kwenye maji mpaka magotini, uso wake ndo unauza spa, yeye kalipwa na nani? Nilimpelekea fungu lake. Wapiga picha wengi hatupendi swali hili, najua.

Sasa galari za siri, hii ndo iliyonifanya nisiudai mkwanja wangu. Kila harusi inapata galari yake yenye paswedi, haionekani Google, na inajifunga yenyewe baada ya muda unaouchagua, mie naweka mwezi mmoja. Na kuna kitu sijakiona kwa wengine hapa mjini: kila anayepewa linki anapewa yake kwa jina lake, na jina hilo linatokea limefifia juu ya kila picha anayoitazama. Akipiga skrinishoti akaitupa kwenye grupu, kaitupa na jina lake! Teknolojia haizuii skrinishoti, nishasema, lakini shangazi akiona "Shangazi wa Mtoni" imeandikwa kifuani mwa bi harusi anafikiri mara mbili kabla ya kuipeleka grupu la wake wenza wa zamani.

Juzi mama wa bi harusi alinishika mkono ukumbini, "mwanangu, picha hizi hazitotoka?" Zamani nilikuwa najibu inshallah tu. Sasa nikamweleza hivi vilivyo, kwamba mwenye linki anaweza kuipiga picha kwa simu nyingine na hakuna wa kumzuia, kwa hiyo yeye ndo achague nani apewe, orodha anaiandika yeye. Akaandika majina saba, akafuta mawili. Kasoro ndogo, galari inafunguka taratibu mno kwenye mtandao wa shamba, mteja wangu wa Wete alisubiri mpaka akalala, na maelezo yote ya kuingia yako kwa Kiingereza, bibi harusi wa watu anaulizwa "password" na nyanya yake ndo mwenye simu.

Kwa hiyo nyota, kliki ya kulia sifuri, wotamaki mbili, kupunguza nne baada ya kurekebisha, ripoti moja kwa ajili ya rangi za PDF, galari tano kasoro ile ya Kiingereza. Mkataba wangu ukimalizika nimewaambia sitaki kifurushi, nataka galari peke yake, wakasema haiuzwi peke yake. Nikawaambia basi nitawasubiri, na nimeshawatajia wapigaji harusi wanne wa kike wanaoitaka hivyo hivyo. Kijana kasema atamuuliza bosi. Kwa laki moja na nusu nachukua leo, zaidi ya hapo tutazungumza.