Nimeitazama Firefighters ya Kikorea: moshi, makoti ya mvua na magari yaliyoziba njia

Mimi si mtu wa filamu za kulia. Nilimwomba shemeji anitafutie ya Kikorea yenye purukushani, akaniletea Firefighters ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Kwak Kyung-taek. Purukushani nimeipata. Na kulia pia, basi.

Kosa letu lilikuwa kuanza na nakala iliyotafsiriwa kwa sauti. Msimulizi anapiga kelele juu ya kila kitu, hata pale unapotakiwa usikie pumzi tu ya mtu ndani ya barakoa. Tuliizima baada ya dakika kumi, tukatafuta yenye maandishi chini. Nanyi fanyeni hivyo hivyo.

Kisa ni cha kweli. Tarehe 4 Machi 2001, karibu saa kumi alfajiri, nyumba ya orofa mbili iliwaka moto mtaa wa Hongje-dong, Seoul. Zimamoto sita walifia humo. Filamu haikimbilii huko moja kwa moja. Inamfuata kwanza kijana mgeni kazini (Joo Won) na mkubwa wake (Kwak Do-won), mtu asiyejua kurudi nyuma maadamu kuna roho ndani. Utani wa kituoni ni mwingi, na shemeji alisinzia kidogo. Mimi nilibaki macho kwa sababu moto wenyewe si ule wa kupendeza tuliouzoea kwenye filamu. Hapa ni moshi. Skrini inakuwa nyeusi, unasikia kitu kinapasuka juu, na kilicho mbele yako hujui ni mtu au kabati.

Kilichonikaba koo hasa ni uchochoro. Magari yamepakiwa hovyo, gari la zimamoto haliingii, watu wanashuka na kuburuta mipira ya maji kwa mikono huku nyumba inateketea. Nilijikuta nasimama. Ndivyo ilivyokuwa kweli siku ile. Na walivaa nini? Makoti ya kuzuia maji, si ya kuzuia moto. Mtu anatumwa tanurini na koti la mvua! Mavazi ya kuzuia moto yalikuja kusambazwa baada ya msiba huo, na zimamoto wote wa Korea wamekuwa watumishi wa serikali kuu mwaka 2020 tu. Hasira ya filamu iko hapo, kwenye bajeti na maegesho, kuliko kwenye moto.

Halafu mwenye nyumba anapiga mayowe kwamba mwanawe yumo ndani. Wanaingia kumtafuta. Mwana hayumo: ndiye aliyewasha moto, akatoroka. Samahani kama nimekuharibia, ila Wakorea wengi waliingia ukumbini wakijua hilo, na kujua ndiko kunakofanya usitake wapande zile ngazi.

Kasoro zipo. Muziki unakulazimisha ulie hata kabla hujajua unalilia nini. Lee Yoo-young, anayecheza mhudumu wa dharura, wamemwachia kazi ndogo mno kwa uwezo wake. Na lile suala la vifaa duni wanalirudia mpaka unataka kuwaambia jamani, tumeelewa.

Jambo lingine nililolipenda liko nje ya filamu: kwa kila tiketi iliyouzwa Korea, won 119 (won ni sarafu ya huko) zilitengwa kuchangia hospitali ya zimamoto. Namba 119 ndiyo wanayopiga kule moto ukizuka.

Naipa nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa ajili ya muziki. Tazameni usiku, taa zimezimwa, na watoto wadogo wakiwa wamelala. Wangu wa miaka sita alichungulia mlangoni wakati paa linaporomoka, na mpaka leo ananiuliza kama wale wajomba wametoka.