Uzoefu wangu: Tulivyokimbizwa katika mahandaki ya Raversyde

Safari yenyewe imepita muda sasa, lakini kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Baba yangu alikuja kutoka Tanga kunitembelea hapa Ubelgiji, nami nikamkatia tikiti ya ziara ya siku moja ya pwani kwa kampuni ya utalii ambayo sitaitaja jina. Niliichagua kwa sababu moja tu: ratiba yao ilisema kwamba tungepita Raversyde, makumbusho ya ngome za vita karibu na mji wa Ostend, na kwamba tungetembea ndani ya mahandaki ya vita, ya wazi na yaliyofunikwa. Baba ni fundi mwashi aliyejenga kwa zaidi ya miaka 40, na mtu wa namna hiyo humzungushi maduka ya chokoleti ukadhani umemtembeza.

Kwanza niseme haki ya mahali penyewe, maana makumbusho yale hayana kosa lolote. Wajerumani walijenga pale mara mbili. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1915, waliweka kituo cha mizinga walichokiita Aachen. Kisha, baada ya kuiteka tena Ubelgiji Mei 1940, walirudi kwenye vilima vilevile vya mchanga, na amri ya Hitler ya Machi 1942 ikapafanya pawe sehemu ya Ukuta wa Atlantiki, ule mfululizo wa ngome ulioanzia Norwei hadi mpaka wa Ufaransa na Hispania. Kuna majengo ya kijeshi takriban 60, yanayounganishwa na mahandaki ya kama kilomita 2. Kwingineko kwenye pwani hii ngome nyingi zilibomolewa baada ya vita. Hizi zilipona kwa kuwa ardhi ilikuwa ya Mwanamfalme Charles, mdogo wake Mfalme Leopold wa Tatu, aliyeshika madaraka ya ufalme kwa niaba yake kuanzia 1944 hadi 1950, naye hakukubali zivunjwe.

Hayo yote nimeyajua kwa kusoma mwenyewe. Mwongozaji wetu hakusema hata neno moja kuhusu mwaka 1915. Kwake yeye kila tofali lilikuwa la vita vya pili, na kila kitu kilikuwa cha kupigia picha kisha twende. Tulipofika penye mzinga alitupa dakika kadhaa. Tulipofika kwenye mdomo wa handaki lililofunikwa, yaani jambo lenyewe tulilolilipia, alitazama saa yake akasema kwamba humo ni giza tu, tupite upesi tutokee upande wa pili.

Baba hakupita upesi. Aliinama kidogo, akaingia, na hatua chache ndani akasimama, akaweka kiganja chake cha kulia ukutani na kukiburuza polepole kwenye viungo vya matofali, kama afanyavyo anapokagua kazi ya fundi mwingine. Chokaa ya jasho la ukuta ilimbaki kwenye vidole. Akaniambia, "Mwanangu, mchanga hausimami peke yake. Ukichimba, unarudi. Ndiyo maana wamejenga kuta pande zote mbili kwanza, kisha wakaezeka, kisha wakaurudisha mchanga juu yake." Akanionyesha jinsi njia ilivyopinda mbele yetu, akasema fundi hakukosea kamba: kona zile ni za makusudi, kwa sababu kombora likilipuka katika kipande kimoja, kishindo na vipande vya chuma vitaishia kwenye ukuta wa kona badala ya kuwafyeka watu wote waliomo kwenye mstari mmoja. Na paa lililofunikwa kwa mchanga lina faida nyingine, kwamba rubani wa ndege aliyeko juu haoni askari wanaobeba risasi kwenda kwenye mzinga. Anaona kilima tu. Kwa dakika tano nilielewa zaidi ya nilivyoelewa asubuhi nzima kwa yule tuliyemlipa.

Hapo ndipo mwongozaji aliporudi. Alisimama kwenye mwanga wa mlangoni, akapiga makofi mara mbili kama anayefukuza kuku, akasema kwa Kifaransa, mbele ya watu wote, kwamba kama mzee anataka kulala humo basi alale, yeye basi lake linaondoka. Wawili watatu walicheka. Baba hajui Kifaransa. Aliniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia, "Amesema tuwahi basi, Baba." Akajibu, "Haya, tusiwacheleweshe wenzetu," akajifuta vidole kwa leso yake, akatoka akimwomba radhi yule mtu kwa kuinamisha kichwa. Nilimwona Baba, mtu mwenye mvi, akimwomba radhi aliyemtukana, nami nilikuwa nimenyamaza. Hilo siwasamehei wao, na sijajisamehe mimi.

Nilipoandika malalamiko, nilijibiwa kwamba muda uliopangwa ulizingatiwa. Kuhusu makofi na maneno yale, hakuna aliyegusia.

Nilikuwa nimekusudia kuhitimisha kwamba msikanyage kabisa kwa kampuni za namna hii. Lakini nikitulia nakiri kwamba bila basi lao huenda Baba asingefika pale siku ile, kwamba dereva alikuwa muungwana sana, na kwamba bei haikuwa mbaya kwa mtu asiyetaka zaidi ya picha na hewa ya bahari. Kwa hiyo nilitaka kuwapa alama za wastani. Hapana, siwapi. Ukiahidi kumwingiza mtu ndani ya handaki, kisha ukamtoa kwa makofi, hukumuuzia safari. Umemuuzia kiti cha basi.

Siku chache kabla ya Baba kuondoka tulirudi wenyewe. Tramu ya pwani, ile inayokwenda kutoka Knokke hadi De Panne, ina kituo hapohapo. Tuliingia bila kufuatana na mtu yeyote, tukapita handaki moja baada ya jingine, tukitoka kwenye giza kuingia kwenye yale ya wazi yenye anga ya kijivu juu, kisha gizani tena. Baba alipima upana kwa mikono na unene wa kuta kwa shubiri, akihesabu kwa sauti ya chini. Katika handaki moja refu alisimama akauliza nani waliolichanganya zege lote lile. Nilimsomea nilichokuwa nacho kwenye simu: kwamba kazi ya Ukuta wa Atlantiki iliongozwa na shirika la Kijerumani la Todt, na kwamba wengi wa waliobeba saruji na mchanga walikuwa watu wa nchi zilizotekwa, waliofanyishwa kazi kwa nguvu. Baba alinyamaza. Kisha alikiweka tena kiganja ukutani, akakiacha pale kwa muda mrefu, na safari hii hakuna aliyetuharakisha.