Ito au Tanabe: uanze na nani?

Wapenzi wa manga za kutisha, yaani hadithi za picha za Kijapani, hawaishi kubishana: kivuli cha H.P. Lovecraft, yule Mmarekani aliyeandika hofu ya ulimwengu usiomjali binadamu, kimemkaa mchoraji gani vizuri zaidi, Junji Ito au Gou Tanabe?

Kwa uaminifu kwa maandishi ya Lovecraft, Tanabe hana mpinzani. Anachora hadithi zenyewe za Lovecraft, ikiwemo ile ya safari ya Antaktika iliyochapishwa 1936. Kurasa zake ni nyeusi na nzito, na mji wa kale barafuni unakufanya ujione sisimizi. Ila wahusika, niseme tu, wanachanganya: wanaume wenye makoti mazito, nyuso karibu zilezile.

Ito, katika manga yake Uzumaki (1998–1999), aliacha hadithi za Lovecraft akachukua hofu yake. Hakuna zimwi la kupiga risasi. Kuna umbo la mzunguko tu, lililojisokota kama gamba la konokono, nalo limeulaani mji wa Kurouzu. Baba wa kijana mmoja, Shuichi, analihusudu mpaka anaishia kujisokota mwili mzima ndani ya pipa la mbao. Wanafunzi wanageuka konokono. Unacheka huku tumbo linakuchafuka, jambo ambalo Lovecraft hakulijaribu sana.

Kwa urahisi wa kuingia, Ito anashinda. Sura zake nyingi unaweza kuzisoma mojamoja. Kwa mfuko pia, maana Uzumaki hupatikana yote katika kitabu kimoja.

Kama Lovecraft unamjua tayari, anza na Tanabe. Kama humjui na una roho ngumu, Ito. Wenye kinyaa cha miili kupindapinda, Tanabe atawahurumia kidogo.