Chemba ya joto na mwinuko kwa vifaa vya ndege: uzoefu wangu

Ni chemba ya lita 1,000, kompresa mbili na pampu ya ombwe (ya kunyonya hewa ili kuiga mwinuko), nami naitumia kwa majaribio ya DO-160G, kiwango cha kupima vifaa vya ndege, sehemu ya 4 (joto na mwinuko) na 5 (mabadiliko ya joto). Kwenye joto na baridi sina lawama: inakaa nyuzi -55 na +85 bila kuyumba.

Namba ya kwenye skrini, hata hivyo, usiiamini. Inasoma hewa tu. Kasha zito la alumini huchelewa sana kupoa, na saa 3 za -55 huhesabiwa baada ya kifaa chenyewe kufika huko. Bandika themokapo (kihisi cha joto) panapochelewa zaidi, mara nyingi kiini cha transfoma, kisha fuata hiyo. Feni ya chemba nayo inadanganya: ikipuliza moja kwa moja kwenye mapezi ya kupozea, kifaa kinafaulu +70 ambayo ndani ya ndege kingeungua. Mimi naweka kibao cha kukinga upepo.

Kwenye mwinuko wa futi 50,000 kanieneo (mgandamizo wa hewa) ni kPa 11.6, na pampu inafika bila shida. Udhaifu ni tundu la kebo. Plagi ya mpira iliyokuja na chemba hukakamaa kwa baridi na kuvuja. Viunganishi vilivyozibwa kwa glasi ndivyo vilivyoniokoa. Kabla ya kuingiza kifaa, shusha kanieneo, funga vali, zima pampu, tazama geji dakika 10 kama kuna uvujaji.

Kushusha kanieneo ghafla, kutoka futi 8,000 hadi mwinuko wa juu ndani ya sekunde 15, pampu peke yake haiwezi. Linahitajika tangi la akiba lenye vali pana, na linauzwa kando, jambo ambalo muuzaji hakulitaja.

Chemba ikiwa kwenye mwinuko wa juu, zimeni taa za chumba mchungulie dirishani. Laini ya volti 28 haitarusha cheche, maana hewani chini ya volti 327 hivi haiwezekani. Saketi ya volti kubwa ya skrini ya kifaa ndiyo hutoa mwanga hafifu wa zambarau kwenye ncha za solda.

Mlango usifunguliwe kwenye -55. Umande unaganda juu ya bodi kama unga, kisha unayeyuka kati ya pini. Pandisha kwanza hadi juu kidogo ya joto la chumba, ukipitisha naitrojeni kavu.

Kuhusu kununua: katika sehemu ya 4, majaribio ya mwinuko, kushusha kanieneo na kanieneo kubwa hufanywa kwenye joto la kawaida la chumba. Kwa DO-160G tu, chemba ya joto na tungi la ombwe kando vinatosha. Hii ya pamoja inafaa kwa mwenye kazi za MIL-STD-810 (kiwango cha jeshi la Marekani), njia ya 520, inayochanganya hali kadhaa kwa pamoja.