Ruta Kwangu, Funguo Kwao: Uzoefu Wangu na Faiba ya Nyumbani Hapa Tanga

Nina steshenari ndogo kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu babu, Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba. Natoa kopi, nachapa, nawajazia watu fomu za maombi mtandaoni. Nyuma ya duka ndiyo nyumba yenyewe: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kisha uani liliko jiko. Mwanzoni mwa 2024 nilichoka kuunga bando la simu kila asubuhi, nikavuta faiba, intaneti ya waya wa mwanga, ya megabiti 20. Kampuni siitaji. Walinifungia ruta, kiboksi cheupe chenye antena nne kinachotoa waifai, nikasaini karatasi kwamba ni mali yao na nikihama nakirudisha.

Kasi sina ugomvi nayo. Hata siku iliyoniumiza zaidi, ile Jumapili ya Mei 12, 2024, haikuwa kosa lao: nyaya za EASSy na SEACOM zinazotuletea intaneti zilipata hitilafu chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huku kwetu tukabaki tunakodolea simu macho. Nilizima na kuwasha ruta mara sita, mpaka jirani akanipigia kelele kutoka dirishani kwamba kwao pia hakuna kitu.

Ninachotaka kukieleza ni kiboksi chenyewe kwa ndani: mteja anaruhusiwa kugusa nini, na anafungiwa nini.

Kuingia ni rahisi. Simu au kompyuta ikishaunganishwa na waifai, unafungua brauza na kuandika 192.168.100.1 pale juu. Ruta nyingine ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ya kwako imeandikwa kwenye stika, pamoja na jina na paswedi ya kuingilia. Na stika hiyo ndiyo iliyonipa kesi ya kwanza. Fundi alikitundika kiboksi ukutani, stika ikitazama kaunta. Miezi miwili kila aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho alisimama mbele ya paswedi yangu akiisubiri mashine. Mimi nashangaa tu mbona siku hizi baraza ya nje imejaa vijana mpaka saa tano usiku, nikadhani ni upepo.

Siku niliyofungua ukurasa wa vifaa vilivyounganishwa nilikuta 23. Nyumbani kwetu, ukihesabu printa na televisheni, havifiki tisa.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Paswedi ziko mbili. Moja ni ya waifai, unayompa mgeni. Nyingine ni ya kuingilia kwenye mipangilio, na hiyo hapewi mtu. Watu hubadilisha ya kwanza wakaiacha ya pili kama ilivyotoka kiwandani, na aliyewahi kuisoma kwenye stika akishaingia tena kwenye waifai yako anabaki na uwezo wa kukufungia mlango wewe mwenyewe. Nilibadilisha zote mbili. Nikahakikisha ulinzi uko kwenye WPA2, aina ya kufuli la waifai (ruta mpya zina WPA3, yangu haina), na nikazima WPS, ile ya kuunganisha kwa kitufe au kwa namba nane, maana tangu 2011 inajulikana kwamba namba hizo zinaweza kubahatishwa kwa saa chache tu. Kesho yake jioni mpwa wangu akaja na uso wa huruma.

"Shikamoo, mjomba. Waifai ina shida?"

"Marahaba. Haina shida."

Alisimama kidogo, akaondoka. Baraza ikapungua watu. Nikamhurumia, nikafungua waifai ya wageni yenye jina lake na paswedi yake, na hiyo ndiyo niliyompa Shangazi wa nyumba ya pili, ambaye hawezi kulala kabla hajasikiliza mawaidha yake. Anayeingia huko anapata intaneti lakini haioni printa wala kompyuta ya duka. Kwa sehemu hii kiboksi nakipa alama zote, na hakuna haja ya kumlipa mtu akufanyie.

Sasa printa. Hii ndiyo iliyonifanya nianze kuchokonoa, na kama una biashara inayochapa, isome taratibu. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ilikuwa haiioni printa. Inawaka, karatasi zimo, wino umo, haionekani. Wateja watano wamesimama, mmoja ana usaili saa nne, na mimi naifuta printa kwenye kompyuta na kuiweka upya kila mara. Kumbe ruta ndiyo inayogawa anwani, yaani namba ya kukitambulisha kila kifaa, kwa vifaa vyote vya nyumbani, na yangu ikizimika inasahau nani alikuwa na ipi. Ikiwaka inagawa upya kwa anayewahi, kama daladala ya Kange asubuhi: aliyetangulia ndiye anayekaa dirishani. Simu zina betri, ziko macho muda wote, kwa hiyo zinawahi. Printa inachukua kama dakika nzima kuguruma na kujipasha moto. Ikifika, kiti chake cha 192.168.100.5 kimeshakaliwa na simu ya mke wangu, yenyewe inapewa 11, na kompyuta inaendelea kuitafuta kwenye 5.

Dawa iko kwenye menyu ya DHCP, ndiyo huo ugawaji wa anwani, na wangu wameiacha wazi, Mungu awabariki. Unatafuta anwani ya MAC ya printa, ile ya kiwandani yenye herufi na tarakimu kumi na mbili. Kwangu ilikuwa kwenye ukurasa wa majaribio unaochapwa na printa yenyewe. Unaiandika kwenye ruta, mbele yake unaweka anwani unayoitaka, unahifadhi. Kuanzia hapo kiti kina jina la mtu. Niliipa 192.168.100.50, nikaielekeza kompyuta huko, na tangu siku hiyo umeme umekatika mara zisizohesabika bila printa kupotea. Ni kazi ya dakika kumi, na mimi niliteseka miezi minne.

Chaneli, zile njia za hewani ambazo waifai hupita, sitazichelewesha. Kwenye masafa ya 2.4 GHz zisizogongana ni 1, 6 na 11. Majirani wangu karibu wote wako 6, nikahamia 11, uani kukatulia kidogo. Masafa mengine, ya 5 GHz, yana kasi nzuri dukani, lakini kuta za babu za mawe na chokaa zinayameza kabla hayajamaliza ukumbi. Hilo si la kuliseti, ni la kuvuta waya mpaka nyuma na kuweka kiboksi kingine kule.

Nije kwenye mkasa wenyewe. Ile paswedi mpya ya mipangilio niliiandika nyuma ya karatasi. Karatasi ikarudi kwenye trei ya printa. Mteja mmoja akaondoka nayo ikiwa imechapwa barua ya maombi ya kazi upande wa pili. Nilipotaka kuingia tena, sikumbuki hata herufi moja. Nikasoma mahali kwamba ukibonyeza tundu dogo la nyuma lililoandikwa RESET, ruta inarudi ilivyotoka kiwandani. Nikachukua sindano ya mama ya kushonea, nikaingiza, nikahesabu mpaka kumi. Taa zote zikazima kwa pamoja, kisha zikarudi moja moja. Nikaingia kwa paswedi ya stika bila taabu. Nikajiona fundi.

Intaneti hakuna.

Taa ya PON ilikuwa kijani imetulia, maana yake mwanga wa faiba unafika. LOS, ile nyekundu ya waya kukatika, imezima kama inavyotakiwa. Lakini taa ya intaneti ilikuwa imekufa. Nilichokifuta hakikuwa paswedi yangu peke yake. Nilifuta na jina na paswedi ya laini, vile ambavyo kiboksi hutumia kujitambulisha kwa kampuni kabla hakijafunguliwa njia, na hivyo havipo kwenye stika wala kwenye mkataba. Kwa ruta ya laini ya simu unayonunua mwenyewe, reseti haina neno, kadi ndiyo inayoitambulisha. Kwa faiba ya aina yangu, sindano ile imekata mguu wa meza. Nikapiga huduma kwa wateja, nikaambiwa nizime na kuwasha. Nikaeleza tena. Nikaambiwa fundi atakuja. Akaja baada ya siku tatu.

Alikuja na bodaboda, akakitazama kiboksi, akanitazama mimi, akasema, "Mgosi, hiki hakiresetiwi." Kisha akafungua kompyuta yake ndogo na kuigeuza kidogo, bega likakaa kati yangu na kioo. Nikajifanya napanga rimu. Niliona mambo mawili. La kwanza, aliingia kwa jina lingine, si lile la kwenye stika. La pili, menyu yake ilikuwa ndefu kuliko yangu, karibu mara mbili, kwenye kiboksi kilekile. Akaandika, akafunga, taa ikawaka. Hazikufika dakika mbili. Siku tatu nachapishia kwa bando la simu, kwa kazi ya dakika mbili!

Najua kwa nini wanaficha. Mteja akifuta laini, simu inalia kwao, na mimi ndiye ushahidi. Lakini wangeweza kuniandikia yale maelezo ya laini kwenye karatasi siku ya kufunga. Ujerumani, tangu Agosti 1, 2016, sheria inampa mteja haki ya kutumia ruta yake mwenyewe, na kampuni inatakiwa kumkabidhi maelezo ya kuiunganisha. Si jambo la ajabu ninaloliomba. Kwa sasa ninachoweza kukwambia ni hiki: kabla hujagusa chochote, piga picha kila ukurasa wa mipangilio, na kama kuna kitufe cha kupakua nakala ya mipangilio, pakua na uitoe nje ya kompyuta hiyo. Paswedi yangu sasa iko kwenye daftari la madeni. Hilo halipotei.

Kwenye menyu fupi ya mteja sina uwezo wa kubadilisha DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, na kufungua njia ya kuingia kutoka nje nako kumefungwa. Hiki cha pili nilikihitaji kwa ajili ya kamera ya duka, niione nikiwa safarini. Nilinung'unika wiki nzima, kisha nikaangalia ukurasa wa hali ya laini nikakuta anwani ya nje ya ruta yangu inaanza na 100.72. Hapo nikanyamaza. Anwani zote za kuanzia 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni kuwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa sababu zile za mtindo wa zamani hazitoshi tena. Maana yake hata wangenifungulia menyu yote, mgeni anayeitafuta kamera yangu kutoka nje angeishia kwenye lango la kampuni, asijue agonge mlango wa nani. Niliachana na wazo hilo, nikanunua kamera ambayo yenyewe ndiyo inayotoka kwenda kwenye seva yake, nami naifuata huko kwa programu ya simu. Inafanya kazi, ingawa sipendi picha za duka langu zipitie nyumba ya watu.

Kilichobaki ndicho kinachonikera mpaka leo. Kuna asubuhi naamka nakuta WPS imewashwa tena na waifai ya wageni imefutika. Mara ya kwanza nilimshuku mpwa. Si yeye. Vifaa hivi vina njia inayoitwa TR-069, ya tangu 2004, inayoiwezesha kampuni kuingia kwa mbali, kuweka programu mpya na kurudisha mipangilio wanayoitaka. Ina faida: kuna tatizo moja walilitatua nikiwa kwenye simu, fundi hakuja. Lakini mlango ni mlango. Novemba 2016 ruta zipatazo 900,000 za wateja wa Deutsche Telekom, kampuni ya simu ya Ujerumani, zilivurugika baada ya watu wabaya kuulenga mlango wa usimamizi wa aina hiyo. Mimi kwenye menyu yangu neno TR-069 silioni hata kwa dawa. Liko kwenye ile ndefu ya fundi.

Ukiniuliza nyota, nampa kiboksi tatu kati ya tano. Nimeagiza ruta yangu mwenyewe nitakayoichomeka nyuma yake kwa waya, waifai zote zihamie huko, chao kibaki cha kupokea laini tu. Haijafika bado, iko Dar kwa mtu.

Jana usiku kampuni wamepita tena kwa njia yao hiyo. Sikuwa nimefungua hata duka, Shangazi akagonga dirisha kwa ufunguo wake.

"Baba, umeniondoa kwenye waifai? Nimekukosea nini?"