Mahati na Lavangi: raga mbili za sauti nne

Katika muziki wa Karnatiki wa kusini mwa India, raga, yaani mpangilio wa sauti ambao juu yake wimbo hujengwa, kwa desturi hudai angalau sauti tano, hivyo mwimbaji na mtunzi M. Balamuralikrishna (1930–2016) alipotambulisha Mahati na Lavangi, zenye sauti nne tu kila moja, alizusha ubishi mkali, na S. Balachander, mpiga ala ya nyuzi iitwayo vina, alikuwa miongoni mwa waliompinga hadharani.

Sauti saba za ngazi ya muziki huu huitwa Sa, Ri, Ga, Ma, Pa, Dha na Ni, na Sa ndiyo ya msingi. Mahati ina Sa, Ga, Pa na Ni. Kati ya sauti zake hakuna pengo lililo dogo kuliko toni nzima, kwa hiyo husikika wazi na changamfu, na mwaka 1975 mtunzi wa muziki wa filamu M. S. Viswanathan aliitumia katika wimbo wa filamu ya Kitamil.

Lavangi, yenye Sa, Ri, Ma na Dha, ni ngumu zaidi: Ri yake iko nusu toni tu juu ya Sa, kisha sauti huruka mbali hadi Ma, na kukosekana kwa Pa, ambayo raga nyingi huiegemea, humnyima mwimbaji mahali pa kutulia. Msikilizaji mgeni aanze na Mahati. Hata hivyo, kwangu mimi Lavangi ndiyo inayodhihirisha zaidi ujasiri wa mtunzi, kwa sababu huzuni yake nzito hujengwa kwa sauti chache mno, na mwimbaji asiye na ubunifu huishiwa mapema.