Kioo cha kuonea hewa: kinunuliwe au kiachwe?

Asalaam aleikum watazamaji. Leo nipo Ng'ambo, hapa mjini Zanzibar, madirisha nimefunga na pangaboi nimelizima, maana tunataka kuiona hewa yenyewe inavyokwenda.

Hiki ni kioo cha darubini, kimebonyea katikati, upana sentimita 15, fokasi yake, yaani umbali kinapoukusanya mwanga utokao mbali, sentimita 120. Taa ndogo naiweka mita 2.4 mbele yake, mara mbili ya fokasi. Mwanga ukirudi unajikusanya nukta moja kando ya taa, na hapo hapo natega wembe uikate nusu. Nyuma ya wembe, simu. Hewa ya moto ni nyepesi, inapindisha mwanga kidogo sana. Uliopinda unazuiwa na wembe au unaukwepa, ndiyo maana tunaona kivuli na weupe. August Toepler wa Ujerumani aliibuni mbinu hii 1864, na kwa njia hiyo wanafizikia Ernst Mach na Peter Salcher wakapiga picha mawimbi ya hewa ya risasi inayoipita kasi ya sauti.

Haya, chetezo. Udi sijautia, ni kaa tupu, moshi hamna. Tazameni kiooni! Hewa inapanda imenyooka, nyembamba, halafu kule juu inaanza kujisokota na kuvurugika. Hata vidole vyangu, oneni, vinatoa joto.

Kaa nimelitoa nje kabisa. Sasa kiberiti cha gesi, nabonyeza bila ya kuwasha. Mnaona? Gesi inamwagika chini! Hata ya mtungi wa jikoni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni. Kila anayepikia gesi natamani aione hii. Ukisikia harufu, usiwashe hata taa. Fungua mlango, funga mtungi.

Kasoro ni stendi iliyokuja nayo. Skrubu zake zinalegea, ukiigusa meza tu nukta inahama na picha yote inakuwa giza. Na alumini imepakwa usoni, si nyuma kama kioo cha kujitazamia, kwa hiyo usikifute kwa kanga. Kifunike ukimaliza, chumvi ya hewa yetu haina huruma.

Ipo njia nyingine ya kuiona hewa, bila ya kioo: unaweka nyuma karatasi yenye madoa, kompyuta ikalinganisha picha mbili kuona madoa yamesogea wapi. Ni rahisi, ila joto la vidole sidhani kama utaliona vizuri hivi.

Kwa mtu mmoja nyumbani, bei naiona kubwa. Kwa skuli, nawasihi walimu wa fizikia: nunueni kioo peke yake, stendi mpeni seremala aichonge ya mbao nzito.